Gauni la Buluu la Mama

Fundi hakuwa mtu wa ndoto. Akilala, analala fofofo, na akiamka anawaza nguo za wateja. Lakini ndoto ile ilimganda: mama yake amelala chali kitandani, hapumui, amevaa gauni la buluu lenye kola nyeupe.

Asubuhi alijicheka. Mama hakuwa na gauni la namna hiyo. Kicheko kilimkauka siku mama mwenyewe alipoingia kibandani na kitambaa cha buluu kwapani.

"Nishonee gauni la arusi ya binti wa shoga yangu. Na kola uniwekee nyeupe, nami nipendeze."

Fundi aliikumbuka ndoto. Alimpima, akakata kitambaa, akaunga mabega, kisha akalitundika gauni nyuma ya pazia kabla ya kulitia mikono. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: gauni lisipokwisha, mama hatalivaa, asipolivaa, hatakufa. Mtu mzima na akili zake! Lakini hofu ikishakushika, hata upuuzi unauona dawa.

Kila mama alipokuja kuliulizia, sababu haikukosekana. Mara vifungo vimeadimika, mara cherehani inakata uzi.

"Cherehani yako ina ubaguzi, mwanangu," mama alisema, akitazama magauni mapya yaliyotundikwa mlangoni. "Ya wenzangu mbona inashona?"

Akacheka, akaenda zake. Fundi hakuthubutu kumtazama machoni.

Arusi ikapita, mama hakwenda. Haukupita muda, mchana mmoja moyo ukamsimama akiwa ameketi kitini mwake, na gauni lake kuukuu lililopauka mabegani.

Ndoto ilikuwa imekosea kitanda na gauni tu, si kifo. Watu walipopungua msibani, Fundi alimvuta mama mdogo chumbani, akamweleza yote.

"Nilidhani namlinda, mama mdogo. Kumbe nilikuwa namnyima. Ameondoka akijua nimempuuza."

Mama mdogo alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Hakumgombeza, na hilo ndilo lililomuumiza Fundi zaidi.

"Mimi nilitaka kumnunulia gauni la dukani aende arusini," alisema. "Akanikatalia katakata. Akaniambia, 'Watu wakiniona na la dukani, watadhani mwanangu hajui kazi.' Ndiyo maana akabaki nyumbani."

Fundi alijiinamia pale sakafuni, aibu imemjaa.