Ng'ombe Kumi na Wawili wa Profesa

Profesa Resian hakuwa mtu wa kubabaika. Kwa miaka ishirini aliwafundisha wanafunzi wake wa uchumi kwamba umaskini hauulizwi mdomoni, hutazamwa bomani: fika alfajiri, hesabu mifugo kabla hawajatoka, andika, nenda zako. Kitabu chake kilisomwa hadi ng'ambo. Sasa kaunti ilitaka kutumia kanuni yake kuchagua watakaopewa msaada wa kiangazi, na mkutano wa kuipitisha ulikuwa saa nane, Kajiado mjini.

Asubuhi alitoka kwake Kitengela akapitia Mashuuru kumwona Dinah, rafiki wa marehemu mamake. Mjane huyo alikuwa amenyimwa msaada kwenye majaribio ya kanuni hiyo, na Resian alitaka kumweleza sababu mwenyewe, kwa adabu.

"Takwenya, Yeyo," Resian alimsalimu kwa Kimaasai, akimwita mama.

"Iko. Nasikia siku hizi mimi ni tajiri," Dinah alicheka.

"Fomu inasema uko na ng'ombe kumi na nne."

"Wako hapa, ndiyo. Lakini wangu ni wawili tu. Hao wengine niliwekewa."

"Na nani?"

Dinah alimtazama kwa huruma. "Ulipomaliza chuo, mjomba wako si alikupa mtamba mwekundu? Ukamleta kwangu nikuchungie, ukapanda ndege. Alizaa, na watoto wake wakazaa. Hao kumi na wawili ni wako, msomi. Na nyasi nanunua mimi."

Aibu ilimpanda Resian hadi masikioni. Binti wa wafugaji, tena mfugaji bila kujua, alikuwa amesahau kwamba watu wake huweka ng'ombe kwa rafiki ili ukame usiwamalize wote siku moja. Mganga hajigangi, lakini huyu alikuwa amemwachia mgonjwa ugonjwa wake mwenyewe: ng'ombe wake ndio waliomfanya Dinah aonekane tajiri.

"Yeyo, mbona hukuwaambia vijana wangu waliokuja kuhesabu?"

"Walihesabu tu. Hawakuuliza."

Saa nane Resian alisimama mbele ya maofisa, kichwa juu kama kawaida yake.

"Kanuni yangu ina kosa," alisema. "Inahesabu ng'ombe, haiulizi ni wa nani. Msiipitishe hivyo."

Mureithi, mwenyekiti wa kikao, alivua miwani. "Profesa, na kitabu chako?"

"Kitabu nitaandika kingine. Leo andika jina la Dinah wa Mashuuru. Ng'ombe waliomnyima msaada ni wangu, na kesho naenda kuwanunulia nyasi."