Sanduku la Oldonyo Sambu

Komeo la mlango wa uani lilikwaruza gizani, likagonga ukuta, likatulia. Twahira alikuwa macho tayari. Alilisikia kila alfajiri kwa mwaka wa sita sasa, na hakuhitaji saa: Mzee Shomari, baba mkwe wake, amefungua nyumba na anakwenda msikitini. Kabla ya hapo hakuna aliyetoka. Ukibanwa na haja, kulikuwa na ndoo.

Walilala watatu kitanda kimoja, yeye, mumewe Uwesu na binti yao Salha, katika chumba ambacho mlango wake ulikuwa pazia. Upande wa pili wa pazia alilala mzee. Ukijigeuza, kitanda kinakutangaza.

"Umelala?" Uwesu aliuliza, nyayo za baba yake zilipokwisha njiani.

"Nalalaje na wewe unahema kama ng'ombe aliyepanda Meru?"

Uwesu alicheka kwa pua. "Leo ni leo, Mama Salha."

"Asemaye kesho ni mwongo. Haya, niambie tena."

Alimwambia tena, ingawa alikuwa amemwambia jana na juzi. Mteja wake, Aminieli, akilikubali sanduku alilolifufua, Jumatatu wanahamia Tengeru. Vyumba viwili nyuma ya duka lake, jiko lao wenyewe, mlango wenye kitasa. Kuna masanduku mengine matatu ya kufufua, kazi ya mwaka mzima. Asipolikubali, watabaki hapahapa, nyuma ya pazia.

"Na shule ya jioni ipo Tengeru," Twahira alisema.

"Ipo. Nimeuliza."

Twahira alitaka kulibeba neno hilo kidogo kabla hakujapambazuka.

Uwesu alikuwa mkereza vyuma. Kiwanda kilipopunguza watu alirudi nyumbani na cheti, tupa tatu na jiliwa ya kubania vyuma, akajitundikia bati uani akawa anatengeneza vipuri. Hizo zilikuwa enzi za ruksa. Vitu vilivyokuwa marufuku jana vilipangwa barazani leo, na wachimbaji wadogo nao wakaruhusiwa kuuza dhahabu yao bila kujificha. Hapo ndipo Aminieli, mtu wa Oldonyo Sambu mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo Tengeru, alipokumbuka kwamba huko kwao, katika ghala la mlowezi mmoja aliyeondoka zamani, kulikuwa na vyombo vya kutafutia dhahabu, vimelaliwa na kuku. Akavinunua vyote.

La kwanza kufika uani lilikuwa sanduku refu la mbao lililokaa juu ya miguu ya mviringo, kama kiti cha kubembea. Juu unaweka mchanga na kumwagia maji, huku unaliyumbisha. Mchanga na maji hutokea mdomoni, na dhahabu, kwa kuwa ni nzito, hunasa chini kwenye vizuizi vya chuma. Mbao zilikuwa bado ngumu. Chuma kilikuwa kimegeuka unga wa kutu.

Hakuna aliyekuwa na mchoro. Ila mbao zina kumbukumbu. Mahali palipokuwa na kizuizi palibaki mfuo, palipokuwa na msumari palibaki tundu. Mzee alipojinyoosha baada ya adhuhuri, Twahira alitandika kurasa za daftari lake la shule juu ya mbao na kuzisugua kwa mkaa mpaka mifuo yote ikajitokeza, akaipima kwa rula, akakata violezo kwa maboksi ya sabuni. Uwesu alivifuata violezo hivyo. Vizuizi alivikata kwenye springi za lori, chekecheo la juu kwenye pipa, matundu mia tatu na kumi na mawili, yote kwa keekee ya mkono.

Kazi ilipokwisha aliipaka mafuta, kila kizuizi, kila pembe, kama mama anavyompaka mtoto aliyetoka kuoga. Kiwandani ndivyo walivyofundishwa. Kipuri hakimfikii mteja kikavu. Chuma kikavu ni aibu ya fundi.

Aminieli alifika saa nne, suruali yake imeshonwa upya magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bwana Aminieli. Karibu. Hujamla mtu njiani?"

"Sisi Wameru hatuli Wamanyema, mzee. Nyama yao ngumu."

Mzee Shomari, Mmanyema, alicheka; huo ulikuwa utani wao wa siku zote. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja Arusha kijana, na mizigo ya watu kichwani, akaijenga nyumba hii tofali kwa tofali, na katika nyumba hii sheria zake zilikuwa chache. Moja ilimhusu Twahira. Mwaka jana mteja alileta kipuri cha mashine ya kusaga, na Twahira, amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, akasema, "Baba Salha, hiyo ni nusu inchi, siyo robo." Ilikuwa nusu inchi kweli. Mteja akacheka mpaka akakaa chini: kumbe fundi mkuu yuko jikoni. Uwesu hakumsemesha mkewe siku tatu. Mzee hakugomba. Alisema tu kwamba wageni wakija, mke wa Uwesu atakuwa jikoni na mlango umerudishwa, na kwamba hiyo shule ya jioni inatosha sasa.

Kwa hiyo alikuwa jikoni, mlango umerudishwa, umebaki upenyo wa vidole vitatu. Salha alisimama mbele yake akichungulia chini ya kidevu chake.

Aminieli alitoa kichupa cha dawa ya macho. Ndani yake, unga wa njano wa dhahabu, usiojaza kijiko cha chai. "Nimeutoa kwa jamaa wa machimboni. Nauchanganya na mchanga wa mto Themi, tunaupitisha. Sanduku likinirudishia, tumemaliza, Jumatatu nakuletea gari la kuhamia. Sawa, fundi?"

"Sawa, kaka."

Uwesu alimwagia maji, Aminieli akayumbisha. Sanduku liliyumba vizuri, bila kelele, na Twahira akajikuta anayumba nalo. Maji machafu yalitoka mdomoni yakaingia kwenye beseni lililowekwa karibu na mlango wa jikoni, kwenye kivuli.

Walipochomoa chekecheo, Uwesu alipiga magoti. Alipitisha kidole nyuma ya kizuizi cha kwanza, cha pili, cha tano. Mchanga mweusi. Akarudia.

"Iko wapi?" Aminieli aliuliza.

"Subiri."

"Nasubiri. Iko wapi?"

"Labda waliokuuzia walikupa unga wa shaba," Mzee Shomari alisema taratibu.

"Mzee, ile ni dhahabu, nimeipima kwenye mizani. Ningemlisha mbuzi angenirudishia, ingawa kwa njia nyingine. Hili limemeza moja kwa moja." Aliona uso wa Uwesu akalainisha sauti. "Siyo ubaya, fundi. Umejitahidi. Ila nitalipeleka Moshi. Yuko mtu pale anayevijua vyombo hivi."

Uwesu alikuwa bado amepiga magoti, anavitazama vidole vyake vinavyong'aa.

Jua lilikuwa limepanda likalipata beseni. Twahira, kutoka upenyoni, aliona kile ambacho waliosimama upande wa pili hawakukiona. Juu ya maji yale ya udongo kulitanda ngozi nyembamba yenye rangi za upinde wa mvua, na juu ya ngozi hiyo, umelala kama unga juu ya maji ya kuoshea sufuria ya nyama, unga wa njano. Haukuzama. Mafuta yalikuwa yameubeba.

Aliona njia yote kwa mara moja, kama hesabu ubaoni: vizuizi vitiwe motoni mpaka mafuta yaishe, visuguliwe kwa jivu na sabuni, yale maji yatiwe sabuni kidogo na kupitishwa tena. Saa moja tu. Dhahabu ilikuwa yote pale, hatua mbili kutoka kwenye kanga yake.

Na angesemaje? Fundi kapaka mafuta pasipopakwa. Angeyasema hayo mbele ya mteja, mbele ya baba yake, mke aliyekwisha kukatazwa, na safari hii pasingekuwa na pazia la kutosha kuificha aibu ya Uwesu. Siku tatu zingekuwa mwezi. Akinyamaza, je? Akinyamaza atazeeka kwenye upenyo huu wa vidole vitatu, akijua kila kitu na kuosha masufuria. Na Salha atarefuka, kidevu chake kifike hapa kilipo cha mama yake.

Mzee Shomari alijinyanyua kwenye kigoda. "Haya, tusafishe uwanja. Haya matope nayapeleka kwenye maboga." Akainama, akashika beseni kwa mikono miwili.

Katika nyumba ile, kama nyumba nyingi, neno ambalo mkwe hawezi kulifikisha kwa mzee hubebwa na mtoto. Chumvi imekwisha, mgeni ana njaa, mama anaumwa: mtoto hutumwa, na mtoto hagombezwi. Lakini hakuna aliyewahi kutuma neno la ufundi.

Twahira alichuchumaa. Akamwambia Salha maneno machache sikioni, akayarudia.

Salha alimtazama. "Kwa sauti?"

"Kwa sauti, mwanangu."

Akausukuma mlango, ukafunguka wote, na yeye mwenyewe akabaki amesimama pale kizingitini, mwangani, ambapo wanaume wote watatu wangeweza kumwona. Salha alitembea mpaka miguuni pa mzee, akashika ukingo wa beseni.

"Babu, mama anasema usiyamwage haya maji."