Sauti ya Mwenyekiti

Fundi yule wa kunyoosha bodi za magari watu walimwita Honi, na jina lilimkaa barabara. Miaka mingi ya kupayuka juu ya mlio wa nyundo ilimpa koo la kuamsha mtaa mzima. Hata alipokunong'oneza siri, jirani naye alikuwa ameshaipata. Koo hilohilo ndilo lililompa uenyekiti wa chama cha mashabiki.

Na chama, tuseme haki, kilijituma. Timu ilikuwa hoi, inaburuza mkia, na ikishuka daraja safari hii ingevunjwa moja kwa moja. Basi mashabiki walishona jezi zilizochanika, wakaziba paa la chumba cha kubadilishia nguo, wakafyeka majani. Honi aliyachomelea magoli upya. Aliwabeba hata wachezaji kwa magari ya wateja, akidai anayajaribu, mpaka siku moja mteja akapishana na gari lake mwenyewe limejaa mabeki. Siku ya mechi alisimama nyuma ya lango la kwao na kutoa maelekezo: toka, rudi, ruka, mbane huyo. Kipa alikuwa mpwa wake, kijana aliyemlea tangu utotoni, dada yake alipofariki. Zamani mashabiki walimwita Komeo. Msimu huu walikuwa wameanza kumwita Mlango Wazi.

Alhamisi jioni, timu ikiwa imebakiwa na mechi mbili ambazo ni kushinda au kufa, Komeo alisukuma sahani pembeni kabla hajashiba, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mjomba, nina ombi, na usinikasirikie," alisema. "Jumapili usije uwanjani."

Honi alicheka, akamtazama mkewe ili wacheke wote. Mke alikuwa ameinamia bakuli lake.

"Chama chote tusije?"

"Chama kije. Wewe tu, mjomba."

Kijana akaeleza taratibu, macho yakiwa mezani. Jumapili iliyopita, bao la kwanza, alikuwa amesimama vizuri langoni, akasikia "toka", akatoka, mpira ukampita juu ya kichwa. La pili alikuwa ameshaanza kuufuata mpira, akasikia "rudi". Hakuwa akiamua kutii.

"Umenilea kwa sauti hiyo," alisema. "Nikiisikia, miguu inakwenda kabla sijafikiri."

Honi alirudisha kijiko bakulini. Miezi yote hiyo alikuwa amemlaumu kocha, mabeki, waamuzi, hata magoli aliyoyachomelea mwenyewe. Kumbe mchawi wa timu alikuwa yeye! Alitaka kugomba, mdomo ukafunguka, lakini kwa mara ya kwanza tangu mtaa umjue hakikutoka kitu.

Kesho yake chama kilikutana nyuma ya duka la kinyozi, mahali pao pa siku zote. Honi aliwapasha habari akiwa na hakika watasimama kumtetea. Aliwajua wale, watu wa kuvunja viti kwa sababu ya mpira wa kurusha. Hakuna aliyenyanyuka. Katibu, muuguzi mstaafu asiyemwogopa mtu, alikohoa kidogo akasema wazo la kijana ni zuri, na kwamba Jumapili hiyo wataimba tu. Atakayempa mchezaji maelekezo atatolewa nje.

Honi akamgeukia kinyozi, rafiki yake wa kufa na kuzikana.

"Tulitaka kukuambia, mwenyekiti," kinyozi alisema. "Tulikosa wa kumfunga paka kengele."

Kwa mpwa wake alikuwa ameshtuka. Hapa aliumia. Walijua wote! Walikuwa wamelizungumza kwenye kile kiti cha kunyolea, kichwa baada ya kichwa, isipokuwa zamu ya kichwa chake. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema kikulacho chenyewe kinajisikiaje kikiambiwa.

Jumapili alijifungia karakanani, barabara moja tu kutoka ukuta wa uwanja. Akakalia kiti kilichong'olewa garini, akatega sikio. Nyimbo zilianza vizuri bila yeye, na hilo lilimuuma. Kipindi cha pili uwanja ukanyamaza ghafla, ule ukimya wa hatari langoni, na koo lake likapanda lenyewe. Alidaka kitambaa cha kufutia grisi akajiziba nacho mdomo. Kelele zikalipuka. Za nani? Alitoka mbio hadi barabarani, mafuta machungu ulimini, akamuuliza mwanamke aliyekuwa akitoka uwanjani na kapu lake. Mwanamke akamwambia mechi imekwisha, wenyeji wameshinda bao moja, kipa wao amedaka kila kitu.

Honi alikaa pale pale ukingoni mwa barabara. Alifurahi mpaka machozi yakamtoka, na aliona aibu kiasi kwamba hakujua machozi ni ya kipi.

Jioni Komeo alirudi na matope hadi kwenye viwiko, maneno yakimtoka kuliko miezi yote. Alisimulia kila mpira aliouokoa, akiruka katikati ya chumba kuonyesha.

"Na unajua nini, mjomba? Leo nilimsikia beki wangu akiniita. Kumbe siku zote huwa ananiita."

Kisha akakaa, akaanza kuchezea kifuniko cha birika. Ilikuwa imebaki mechi moja. Alifungua mdomo, akaufunga, akamtazama mke wa mjomba kana kwamba amsaidie. Honi, ambaye hajawahi kumngoja mtu amalize sentensi, aliona jinsi kijana anavyohangaika.

"Jumapili ijayo usinitegemee," alisema, kwa sauti ndogo mno hata mkewe akageuka. "Nina gari la mteja, lazima nilimalize."

Hakukuwa na gari. Karakana ilikuwa tupu tangu Ijumaa, na wote watatu walilijua hilo.