Ndiyo ya Mtoni

Mimi ndiye niliyesema mtoto wangu aoshwe. Watu wa Silibwet wanamlaumu Janefer, binti ya dada yangu, kwa sababu yeye ndiye aliyerekodi kwa simu na kuiweka video Facebook. Wamwache. Janefer aliandika tu, "Karibu nyumbani Edinah, sasa wewe ni msafi," akaweka na vijimaua. Ujinga wake ni wa kawaida. Wangu ndio mkubwa.

Edinah aliondoka hapa na cheti cha kutunza wazee, akaenda kumhudumia bibi kizee mmoja katika nchi ambayo sitaji jina lake ndani ya nyumba hii. Asubuhi moja bibi huyo alikutwa chini ya ngazi, amevunjika shingo. Aliyekuwa naye ni Edinah, na Edinah ni mgeni mweusi, basi wakamtia pingu. Alikaa rumande miaka miwili. Kisha korti yao ikasikiliza kesi, ikasema hana hatia, wakampandisha ndege. Alifika na mkoba mmoja na barua ya korti ndani ya plastiki. Tulimpokea kwa mursik, maziwa yetu ya kibuyuni, na nyimbo za kanisa, na mimi niliimba kuliko wote, maana mimi ndiye mwenyekiti wa akina mama.

Lakini nilikuwa nikimchunguza. Alichuma majani chai kutwa nzima bila kusema neno. Sufuria ikianguka jikoni, anashika ukuta. Nikajiuliza, mtu asiye na kitu moyoni anashtuka hivyo? Sikumwuliza. Nilikwenda kwa shemeji yangu, Mzee Kimeli, anayejua mambo ya zamani ambayo pasta hataki kuyasikia, nikamwomba amwoshe, damu ya yule bibi isije ikatufuata.

Mzee Kimeli alisema maji hayafanyi kazi kama mtu hajakubali kosa. Ataulizwa mara moja tu kama amemwaga damu, naye ajibu.

"Mama, mimi sikumuua," Edinah aliniambia tukishuka mtoni.

"Najua. Sema tu ndiyo tumalize. Ni maneno tu. Hiyo mto haina masikio."

Alinitazama sana. Aliingia majini hadi magotini, akaulizwa, akajibu, "Ndiyo," kwa sauti ya chini, ya mtu aliyechoka kubishana. Mimi nikapumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu arudi.

Haukupita mwaka. Waendesha mashtaka wa kule walikuwa wamekata rufaa. Kumbe kwao mtu akishaachiliwa bado anaweza kurudishwa kizimbani. Korti ya juu ilifuta ile hukumu, ikaagiza kesi ianze upya, na serikali yao ikaiandikia yetu: tuleteeni huyo mwanamke. Polisi walimkuta Edinah shambani, kikapu mgongoni. Katika makaratasi yaliyotoka kule, ukurasa mzima ulikuwa wa video ya Janefer. Ndiyo ya mtoni ilikuwa imetafsiriwa na kupigwa muhuri.

"Mama, hii video ndio inatumaliza," wakili wetu, Jairus, aliniambia. "Kabla hawajampeleka, korti ya hapa lazima iamue. Ingia useme wewe ndiye ulimfosi, na unajua hakuua. Hakimu akikuamini, labda tutaponea."

Nilivaa kitambaa cha kanisa. Nyuma yangu walikaa akina mama wote wa kikundi, na pasta. Nikashika Biblia, nikaapa, nikasema kwamba nilimlazimisha. Nilisema vizuri, hata Jairus akatabasamu. Ndipo kiongozi wa mashtaka akasimama, mwanamke mpole wa rika la Edinah.

"Mama Rebeccah, pole na safari. Huko kwenu, anayeoshwa hivyo ni nani?"

"Aliyeua."

"Na wewe ulimpeleka binti yako. Siku hiyo, uliamini kwamba hakuua?"

Ningesema ndiyo. Neno hilo nimelisema maisha yangu yote, kwa pasta, kwa marehemu mume wangu, kwa karani wa majani chai, hata pale nisipolimaanisha. Lakini Biblia ilikuwa mbele yangu na wale wanawake walikuwa wananitazama, na mimi nikachagua siku hiyo, kati ya siku zote, kuwa mkweli.

"Sikuwa na hakika," nikasema.

Edinah aliinamisha kichwa. Hakimu akaandika.

Wiki mbili baadaye hakimu alisoma uamuzi. Alisema kazi yake si kuamua kama Edinah aliua, bali kama kuna jambo la kwenda kujibu, na jambo lipo. Alitaja video. Alinitaja na mimi: hata mzazi wake alikuwa na shaka. Jairus alikata rufaa, ikatupwa.

Siku ya kumpeleka uwanja wa ndege walinipa dakika tano naye, askari akiwa kando yetu. Nilikuwa nimebeba sweta, kwa kuwa kule kuna baridi, na maneno mengi ambayo yote yalinitoka kichwani nilipomwona. Nikalia mbele za watu bila aibu.

"Edinah, nimekukosea. Umenisamehe?"

Aliichukua ile sweta, akaikunja polepole. Akanitazama sana.

"Ndiyo, Mama."

Ilikuwa sauti ileile ya mtoni, ya mtu aliyechoka kubishana. Na hapo ndipo nilipojua kwamba mtoto wangu hakuua.