Dakika Kumi za Sefu

Tangu asubuhi sefu ilikuwa imenuna, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa amefikia pale mtu anapotaka kuupiga teke ukuta. Ndani mlikuwa na vyeti vya kitindamimba wake. Basi linaondoka saa nne, la pili ni keshokutwa, na chuo cha uuguzi kinafunga kupokea wanafunzi kesho. Asiyefika na vyeti halisi, nafasi yake anapewa mwingine.

Binti huyo alikuwa kituoni tayari, analinda mabegi. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu kasorobo.

"Betri mmebadilisha?" aliuliza fundi wa sefu kwenye simu, iliyowekwa kwenye spika juu ya kaunta.

"Mara mbili." Mara ya kwanza mumewe alileta betri za rimoti, zilizokuwa hoi hata huko sebuleni. Majirani walimwita Bwana Taratibu, na hawakuwa wanamsifu.

"Vitu vikijaa vinasukuma mlango, komeo linabana. Usukume ndani kwanza, ndiyo uzungushe mpini."

Alisukuma kwa bega, akasukuma kwa nyonga. Taa nyekundu, milio mitatu.

"Basi, sefu imejifunga yenyewe, mama. Namba za siri zimekosewa mara nne. Iacheni dakika kumi. Mtu akigusa kitufe kimoja tu, inaanza kuhesabu upya. Hata mimi nikija siwezi kuiharakisha."

Asubuhi aliyebonyeza ni mumewe. Mwenye duka alimeza hasira, akavuta kiti, akaanza kungoja. Dakika ya tisa alipogeuka kumpimia mteja misumari, alisikia mlio.

"Nilikuwa najaribu tu," alisema Bwana Taratibu.

"Umeambiwa usijaribu."

"Nilidhani zimeisha."

Wakaanza upya. Mwenye duka aliihesabu kila dakika kwa meno yaliyobana, akimlaani fundi, sefu na siku aliyokubali kuolewa na mtu asiyejua kukaa kimya. Dakika ya nane mumewe alichukua kitambaa, akasema vumbi limezidi, akapangusa vitufe. Mlio.

Hapo mkono wa mwenye duka ulibaki hewani na misumari. Huyu mtu amefungua sefu hii kila asubuhi kwa miaka sita, namba zilezile, wakati mwingine bila hata kuziangalia. Leo amezikosea mara nne. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kimeshika kitambaa.

Alimkatia simu fundi aliyekuwa bado hewani. Alimwomba mteja arudi baadaye, akafunga mlango wa duka.

"Kwa nini?" aliuliza.

Bwana Taratibu alikikunja kitambaa mara mbili, mara nne. "Basi la keshokutwa lingetosha," alisema.

"Chuo kinafunga kesho. Unajua."

"Najua." Alikaa juu ya mfuko wa saruji. "Mtoto wa kwanza aliondoka, nikasema sawa. Wa pili, sawa. Huyu akienda, mke wangu, nyumba ile itabaki bila mtu."

Mkewe alikuwa amejiandaa kumfokea mpaka mtaa wa tatu usikie, lakini neno hilo lilimkata. Miaka thelathini ya kufua, kupika, kuuza misumari na kulala ubavuni pake.

"Bila mtu," alisema. "Na mimi ni nini humo ndani? Kabati?"

Mumewe alianza tena kukikunja kitambaa.

"Kalia mikono yako," alisema mwenye duka.

Akaikalia, mtu mzima na mvi zake. Dakika kumi zilipita. Taa nyekundu ilipozimika, mkewe alibonyeza namba, akasukuma mlango kwa goti, akazungusha mpini. Ukafunguka. Alichukua bahasha, akatoka mbio kuita pikipiki, na Bwana Taratibu akabaki ameikalia mikono yake, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aitoe.