Samaki wa Mwaka Gani

Jumamosi saa tatu asubuhi, sokoni Kikula, mzee Casimir alisimama mbele ya meza ya Godefroid akikunja fimbo ya saba ya kuvulia samaki. Sita za kwanza alikwisha kuzirudisha. Godefroid, ambaye huuza mipira ya baiskeli, betri na vyombo vya uvuvi kwenye meza moja, hakuwa na haraka tena. Haraka ilimwishia kwenye fimbo ya nne.

Casimir alikuwa fundi wa pampu kwa miaka thelathini na moja kule Panda, na mtu wa namna hiyo hanunui kitu kwa kukitazama tu. Aliegemeza ncha ya fimbo kwenye dari ya kibanda akasukuma polepole, aone inapinda kuanzia wapi. Ile nyeusi ya kaboni ilipinda nchani peke yake, akasema hiyo ni ya vijana kupigia picha. Hii ya nyuzi za kioo, ya vipande viwili, mita mbili na sentimeta arobaini, ilipinda hadi katikati na kurudi bila kutetemeka. Akatoa pamba mfukoni, akaipitisha ndani ya kila pete inayopitisha uzi. Pamba haikunasa popote. Pete yenye mkwaruzo hukata uzi taratibu, na uzi ukikatika watu humlaumu samaki.

Kisha ikaja zamu ya mulinete, kile chombo cha kukunjia uzi kinachofungwa chini ya mpini. Casimir aliziweka sikioni moja moja, akazungusha kishikio, kama alivyokuwa akisikiliza pampu zake. Ya kwanza ilikuwa na mchanga. Ya pili ilikwaruza kila ilipomaliza mzunguko. Ya tatu ilikaa kimya. Aliifunga kwenye fimbo, akailaza fimbo juu ya kidole kimoja mpaka ikatulia bila kuinama huku wala huku.

“Papa Casimir, unaoa ao unanunua?” Godefroid akauliza.

“Kuoa nilishaka,” Casimir akajibu. “Na kule sikupimaka hivi.”

Wakacheka, wakapatana bei, na Casimir akarudi Panda kwa miguu, fimbo begani.

Hapo zamani alivua kwa mwanzi, akiwa amekaa ukingoni kabisa, miguu ndani ya maji. Siku hizi ukingoni hapakaliki. Tangu kile kiwanda kipya cha kilimani kifungue bomba lake la maji machafu mtoni, miaka minne iliyopita, udongo wa kando ya mto umekuwa wa njano, na anayeukanyaga ngozi inambabuka. Lazima usimame mbali, juu ya zege la zamani, na urushe uzi hadi katikati penye kina. Mwanzi haurushi. Ndiyo sababu ya fimbo.

Mke wake, Marceline, alikuwa na bustani kando ya mto huo, yeye na akina mama wengine kumi. Walilima mboga, lengalenga, matembele na kitunguu, wakauza Kikula. Sasa majani yanaungua kwa pembeni kabla hayajafikia kipimo cha kiganja, na mikono ya Marceline ina vidonda visivyofunga. Akina mama waliandika barua serikalini. Barua ilijibiwa, tena vizuri: mkaguzi atakuja mwezi wa sita. Akiukuta mto mbaya, bomba litafungwa. Akiukuta mzuri, kiwanda kitapewa ruhusa ya bomba la pili. Marceline aliihifadhi barua hiyo ndani ya kitabu cha nyimbo za misa, na kila Jumapili aliisoma upya wakati wa matangazo.

Siku ya kwanza Casimir alirusha uzi mara tatu. Mara ya tatu akapata samaki aitwaye mpende, mkubwa wa sahani nzima, mkia umekatika upande mmoja. Alipomfikisha nyumbani Marceline alimgeuza, akamtazama mkia, akamtazama tena.

“Papa Daniella,” akasema, kwa maana Daniella ndiye mzaliwa wao wa kwanza, “huyu njo ule alitorokaka siku ya ndoa yetu.”

Ndiye hasa. Mwaka themanini na nne, asubuhi ya arusi, mpende mmoja aliruka kutoka kwenye beseni la mashangazi, akaupita mteremko mbio na kuingia mtoni. Hakuwa amezeeka hata kwa siku moja. Wakamkaanga wakamla kwa bukari, ule ugali wa mahindi. Marceline alilia kidogo akila, kwa sababu alikuwa amesahau kwamba mto uliwahi kuwa na ladha ile, na kuisahau kulimuuma kuliko vidonda.

Tangu siku hiyo samaki walikuja, na wote walikuwa wa zamani. Mto ulikuwa hauna wengine wa kutoa. Majirani walizoea upesi. Jirani wa ukuta mmoja, Fidélie, alipenda kambale wa mwaka sabini na nane kwa sababu ya mafuta. Wa tisini na moja walikuwa wembamba, kama watu wa mwaka ule, na waliotaka hao walikuwa wachache. Wa miaka hii minne ya bomba hakuonekana hata mmoja.

Ila maji yaliila mulinete. Kila Casimir alipotoka mtoni, chumvi ya kijani ilikuwa imeota kwenye ule waya unaogeuza uzi, na ndani mlilia kama kuna changarawe. Basi kila jioni alikaa kwenye benchi la uani na kufanya kazi yake. Aliilegeza breki kwanza, ili visahani vyake vya ndani visibanane. Aliisuuza kwa maji ya kudondosha, si ya kumwaga, maana ya kumwaga huusukuma uchafu ndani zaidi. Akatoa kigurudumu cha uzi, akasugua kwa mswaki wa zamani, akaweka tone moja la mafuta ya cherehani hapa, tone moja pale, akaikausha kivulini. Mwisho aliandika kwenye daftari: tarehe, saa, na neno moja, “nzuri.” Karakana ya Panda iliwafundisha hivyo. Fundi huandika hali aliyoiacha nayo mashine, si hali aliyoikuta nayo.

Marceline alimtazama wiki nzima, kisha akapata wazo.

“Hii mulinete njo témoin yetu, njo shahidi,” akasema. “Batu ba kiwanda bataweza kubadirisha mayi siku chef mkaguzi anakuja. Hii habataibadirisha. Usiisafishe tena mpaka yeye aione.”

“Sawa,” Casimir akasema. “Sitaigusa.”

Alivua Alhamisi, akavua Ijumaa, akavua Jumamosi, na kila siku aliiweka mulinete dirishani vilevile ilivyotoka mtoni. Chumvi ilipanda mpaka kwenye kishikio. Waya ukaanza kulika. Casimir alikuwa akila chakula amegeuzia dirisha kisogo. Akina mama walipita kuiangalia, mmoja mmoja, na kila mmoja aliondoka na moyo mwepesi. Marceline akawashonea wote vilemba vya kitambaa kimoja, kwa ajili ya siku ya mkaguzi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu. Asubuhi Casimir alikaa uani na redio akisikiliza habari za umeme wa bwawa la Koni, kama utarudi au hautarudi. Habari zilipoisha akatazama chini. Mulinete ilikuwa magotini mwake, imefunguliwa, imesuguliwa, imetiwa mafuta, inang'aa. Mswaki ulikuwa mkononi. Daftari lilikuwa wazi, na neno “nzuri” lilikuwa bado bichi. Hakukumbuka kuondoka kwenye kiti. Alifunga daftari, akaifunika mulinete kwa kitambaa.

Mkaguzi, Monsieur Cyrille, alifika saa nne na fomu zake. Bomba lilikuwa limefungwa tangu Jumamosi usiku. Mto ulikuwa mweupe, kokoto zinahesabika. Akina mama kumi na mmoja walisimama mstari mmoja na vilemba vyao. Marceline akanyoosha mikono.

Monsieur Cyrille aliitazama kwa huruma ya kweli. “Mama, pole sana. Mikono ni ya daktari. Fomu yangu ni ya mto.”

“Basi angalia kintu cha bwana yangu,” Marceline akasema. “Casimir, toa.”

Casimir akatoa kitambaa. Mulinete ikapigwa na jua ikameta. Monsieur Cyrille aliizungusha karibu na sikio, akatikisa kichwa kwa heshima.

“Papa, iko muzuri sana. Minye niko na ya kwangu, haifike hii.”

Marceline aliitazama mulinete, kisha mikono ya mumewe. Casimir aliona haya ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe. Alifungua daftari haraka, labda humo mna la kusaidia. Kurasa zote zilisema nzuri, nzuri, nzuri. Monsieur Cyrille akanakili tarehe tatu.

“Sasa tupa, papa. Tuone.”

Casimir angeweza kukataa. Aliwaza hivyo baadaye, mara nyingi. Lakini wakati ule aliona njia moja tu iliyobaki: samaki mwenyewe aseme. Akarusha. Uzi ulikwenda mbali, safi, bila kukwama kwenye pete hata moja, na kabla haujazama vizuri fimbo ikapinda hadi katikati. Akamleta mpende mnene, tumbo la dhahabu, anayepiga mkia.

“Chef, huyu ni ya mwaka sabini na tano,” Casimir akasema. “Angalia tumbo. Ya sasa haiko. Natafutaka kila siku, haiko.”

Monsieur Cyrille aliinama akamkagua, akabonyeza ubavu kwa kidole.

“Ni kweli, papa. Sabini na tano, ao sabini na sita.” Akanyooka. “Mais fomu inauliza kama samaki iko ao haiko. Haiulize ya mwaka gani.”

“Andika pembeni.”

“Pembeni habasomake.” Akatoa kalamu. “Weye njo ulimuvua?”

“Minye.”

“Hapa?”

“Hapa.”

“Leo?”

Casimir alimtazama Marceline. Marceline alikuwa akitazama mto.

“Leo,” akasema, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, akaweka sahihi mahali alipoonyeshwa.

Bomba la pili lilipanda na lori mwezi wa nane, likalazwa kando ya lile la kwanza. Bustani zilikufa moja baada ya nyingine mpaka njiani. Hakuna mama aliyemtukana Casimir. Ingekuwa nafuu wangemtukana. Kwa vile hakukuwa na mboga za kuuza wala za kula, walianza kuja jioni na mabeseni, kila mmoja akitaja mwaka anaoutaka, na Marceline aliwagawia, mikono imefungwa vitambaa. Kwa mumewe alizungumza vizuri tu, habari za chumvi, habari za watoto. Jina la Papa Daniella hakumwita tena. Alimwita Casimir.

Mwezi wa kumi Fidélie alikuja, tumbo limefika mwezi wa tisa. Alitaka samaki mmoja tu, wa mwaka huu, kwa sababu mtoto wake atazaliwa mwaka huu na si vizuri mtu aanze na vya wengine. Casimir akasema atajaribu. Alirusha tangu saa nane mpaka jua likakaa juu ya mlima wa taka za shaba, akabadilisha ndoano, akabadilisha chambo, akarusha kulia na kushoto. Ndoano ilirudi tupu kila mara. Fidélie alisubiri juu ya zege, amekalia sanduku la chupa.

“Haiko?” akauliza.

“Haiko.”

“Basi nipatie tu ya zamani.”

Casimir akarusha mara moja tu, akavuta mpende wa sitini na tisa, akampa. Fidélie akashukuru, akamweka ndani ya beseni, akaenda kupika.