Joto la Mashuka

Jumatatu saa moja asubuhi kitoroli cha wodi namba nne kiliingia chumba cha kufulia kikiwa na mashuka ishirini na mawili. Dobi mkuu, mjane ambaye hospitali nzima ilimwita Shangazi, aliyapokea kwa kijiti, maana yalikuwa ya moto. Alichukua moja, akalitumbukiza kwenye pipa la maji ya bomba. Maji yakatoa mvuke. Akaongeza sabuni.

Ndivyo ilivyokuwa kila msimu wa mafua. Homa nyingine huondoka na mwenyewe, lakini ya mafua ilibaki ndani ya kitambaa mpaka ikutane na maji. Shuka la aliyepata nafuu lilikuja vuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto. La aliyekufa lilikuja baridi. Madobi walilijua hilo kama mpishi anavyojua moto wa jiko lake, wala hawakulizungumza sana.

Tangi la maji ya moto lilipoharibika, Katibu wa hospitali alishuka mwenyewe. Alichovya kidole kwenye pipa, akakitoa upesi.

"Mbona yanachemka?"

"Ni homa ya wodi namba nne, Katibu."

"Sasa tangi la nini?"

Tangi likaondolewa siku hiyohiyo, na mahali pake pakawekwa meza ya pasi. Meza hiyo alipewa mkamwana wa Shangazi, mke wa mwanawe wa pekee. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba, ikamlazimu kupiga pasi kwa ubavu, kama mtu anayechungulia dirishani. Mjukuu huyo wa kwanza Shangazi alikuwa akimwombea katika kila sala tangu siku ya harusi.

Wiki hiyo chanjo ya mafua ikafika, na orodha ikabandikwa ukutani: madaktari, wauguzi, makarani, hata mlinzi wa geti. Madobi hawakuwemo. Shangazi akamshika mkamwana mkono, wakapanda ngazi.

"Shikamoo, Shangazi," akasema muuguzi wa chanjo.

"Marahaba. Mimi niache, nimeshakula chumvi ya kutosha. Mchome huyu na huyo aliyemo tumboni."

"Mjamzito ndiye anayepaswa kutangulia. Haya si mafua ya kupenga kamasi ukaenda zako, yanamshukia mpaka mapafuni. Na akichanjwa, mtoto naye anazaliwa na kinga. Ila jina lake silioni hapa."

"Jina hulioni. Tumbo nalo hulioni?"

Muuguzi alicheka, halafu akaacha kucheka. "Nenda kwa Katibu, Shangazi. Mimi nachoma walioandikwa."

Katibu alimkaribisha kiti.

"Orodha ni ya wanaogusa wagonjwa," akasema kwa upole.

"Sisi tunagusa homa zao."

"Homa si mgonjwa, mama." Akainuka, akamfungulia mlango.

Muuguzi aliona haya, akashuka kuwapa kile ambacho hakikuhitaji orodha. Wafungue madirisha. Wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kujigusa uso. Wakikohoa, wakoholee kwenye kiwiko, na anayeumwa abaki nyumbani. Akaeleza kwamba chanjo hurudiwa kila mwaka kwa sababu kirusi nacho hubadilika kila mwaka.

"Kumbe kirusi ni bwana harusi," akasema dobi wa tatu, ambaye kwa kusema sana walimwita Redio. "Kila mwaka suti mpya!"

Siku chache baadaye Redio akaja na macho mekundu.

"Si umeambiwa ubaki nyumbani?" Shangazi akamuuliza.

"Kibarua anabaki nyumbani, dada? Nikikosa leo, kesho mtamkuta mwenzangu kavaa aproni yangu." Akafua hivyohivyo, akigeukia ukutani kila alipokohoa. Rangi ya ukuta mahali pale ikababuka.

Ijumaa Shangazi alimwona mkamwana akipiga pasi vizuri kabisa, mikunjo ikinyooka, na waya wa pasi ukiwa haujachomekwa. Alimtoa ile pasi mkononi, akampeleka kwa daktari. Daktari alisema dawa ya kirusi hufaa zaidi ikianza ndani ya siku mbili. Binti alikuwa ameficha siku tatu, kwa hofu ileile ya aproni. Akapewa dawa, akalazwa kitanda namba tisa.

Shuka la kitanda namba tisa liliposhuka, lilichemsha pipa kutwa nzima. Katibu akapita, akauona mvuke, akasema kazi ya wiki hiyo inapendeza. Shangazi hakumwachia mtu shuka lile. Kila siku alilifua mwenyewe, midomo ikienda kwa dua, na mikono yake ikatoka malengelenge.

Siku ya tano lilikuja vuguvugu. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamshukuru Mungu.

Alipolikunjua, ndani yake alikuta kitambaa cha wodi ya wazazi, kidogo kuliko kilemba. Hakuna aliyekuwa ameshuka kumwambia kwamba mtoto amezaliwa. Kitambaa kilikuwa baridi. Alikifua peke yake katika beseni, na maji yakabaki kama yalivyotoka bombani.

"Pole, dada yangu," akasema Redio. "Ni amana ya Mungu, Mwenyewe ameichukua."

"Ameichukua," akasema Shangazi. "Lakini ile orodha hakuiandika Yeye." Akakianika.

Msimu uliofuata mkamwana alikuwa amerudi mezani pake. Orodha mpya ikabandikwa, madobi hawakuwemo. Chanjo zikaletwa katika visanduku vya barafu, na njia ya kwenda stoo ilipita mbele ya chumba cha kufulia. Muuguzi akatangulia kuchungulia ndani, ambako mvuke ulikuwa umejaa hadi dari.

"Samahani, Shangazi. Tunaomba mfunge mlango mpaka tupite. Chanjo haitaki joto."

Shangazi akaufunga, akauegemea kwa mgongo, akasikiliza mpaka kisanduku cha mwisho kikapita.